Mkono wa Fundi Katika Hukumu

Hakuna Bunge linaloitungia dunia nzima sheria. Umoja wa Mataifa una Baraza Kuu, lakini maazimio yake mengi yana uzito wa ushauri tu. Kwa hiyo wakili anaposimama mahakamani akadai kwamba sheria ya kimataifa inamlinda mteja wake, jaji ana haki ya kumuuliza swali ambalo asingemuuliza kama angetaja kifungu cha Kanuni ya Adhabu: sheria hiyo umeitoa wapi? Akishajibiwa, bado lipo swali la pili, zito kuliko la kwanza: imeingiaje humu ndani, katika mahakama ya nchi hii, hata imbane mtu aliyesimama mbele yangu?

Kuyajibu maswali hayo mawili kwa maandishi, hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja, ni ufundi, na una mafundi wake. Nimekuwa nikizisoma hukumu za namna hii kwa muda mrefu, nyingine nimezirudia mara nyingi, na kila nikirudia naona jambo ambalo lilinipita. Naandika haya kwa sababu naamini mafundi hao hawajasifiwa vya kutosha, hasa kwa Kiswahili.

Wanafunzi wa sheria hufundishwa mapema kwamba vyanzo vya sheria ya kimataifa vimetajwa katika Ibara ya 38 ya hati inayoongoza Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ile iliyoko The Hague. Kuna mikataba, kuna desturi ya kimataifa, kuna kanuni za jumla za sheria zinazokubaliwa na mataifa, na kisha, kama nyenzo za kusaidia tu, kuna hukumu za mahakama na maandiko ya mabingwa wa sheria. Mkataba hausumbui sana: una tarehe, una sahihi, una vifungu. Desturi ndiyo humtoa fundi jasho, maana hakuna siku ilipotungwa wala mahali ilipopigiwa kura. Ili ihesabike kuwa sheria, lazima ithibitike kwamba mataifa hutenda hivyo kwa kawaida, na kwamba hutenda hivyo kwa kuamini kuwa sheria inayabana, si kwa hisani. Imani ya dola utaithibitishaje?

Mtu aliyelijibu swali hilo vizuri kuliko wengi niliowasoma ni Horace Gray, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1898 Marekani na Hispania ziliingia vitani, na manowari za Marekani zikaizingira Kuba. Vyombo viwili vya uvuvi vikakamatwa baharini vikirudi na samaki. Kimoja kiliitwa Paquete Habana, chombo cha tanga cha tani 25, ndani yake watu watatu. Kingine Lola, cha tani 35, chenye watu sita. Hawakuwa na silaha. Hawakujua hata kama kuna vita, mpaka waliposimamishwa. Vyombo vilipelekwa Key West, Florida, mahakama ikaamua kwamba ni ngawira ya vita, vikapigwa mnada: dola 490 kimoja, dola 800 kingine. Rufaa ilipofika Washington, hapakuwa na mkataba kati ya nchi hizo mbili uliowakinga wavuvi, wala sheria ya Bunge la Marekani iliyosema waachwe. Kama wavuvi wale walikuwa na haki yoyote, ilibidi itoke katika desturi.

Hukumu ilisomwa tarehe 8 Januari 1900. Gray anaanzia mbali sana. Anaanza na amri ambazo Mfalme Henry IV wa Uingereza aliwapa maamiri wake mwaka 1403 na 1406, kwamba wavuvi wa upande wa pili wasiguswe. Anakuja kwenye mapatano ya mwaka 1521 kati ya Charles V na Francis I wa Ufaransa, yaliyowaruhusu wavuvi wa samaki aina ya heringi kufanya kazi yao ingawa wafalme wao walikuwa wanapigana. Anasimama kwenye barua ya Louis XVI ya mwaka 1779 kwa amiri wake, anapita kwenye mkataba wa Marekani na Prussia wa mwaka 1785, anafika kwenye vita vya Mexico vya mwaka 1846, na hamalizi mpaka afike Japani, ambayo mwaka 1894, ilipopigana na China, iliwaondoa wavuvi wa pwani katika orodha ya wanaoweza kukamatwa. Karibu karne tano, kwa ajili ya mashua mbili na samaki wake.

Mtu anaweza kudhani kwamba ufundi ni huko kukusanya. Gray katika ujana wake alikuwa mwandishi rasmi wa ripoti za hukumu za mahakama ya Massachusetts, kwa hiyo kukusanya hakukumsumbua. Lakini ninachokienzi mimi ni namna alivyouweka mezani ushahidi unaompinga. Anasema wazi kwamba Louis XIV, katika amri zake za mwaka 1681 na 1692, hakuwakinga wavuvi. Anasema wazi kwamba mwaka 1798 Uingereza iliagiza mashua za wavuvi wa Ufaransa na Uholanzi zikamatwe, na kwamba mwaka huohuo Sir William Scott, jaji aliyeheshimiwa mno katika mashauri ya bahari, aliandika kuwa kuwaacha wavuvi ni uungwana tu wa mataifa, si amri ya sheria.

Hapo ndipo penye ugumu wote. Mwandishi dhaifu angemficha Scott, au angemtaja kwa mstari mmoja na kumpita. Gray anamkubalia kwanza, kisha anaonyesha kwamba tangu siku ile umepita muda wa miaka mia moja, na katika muda huo mataifa yameendelea kuwaacha wavuvi, moja baada ya jingine, hata yakiwa katikati ya vita vikali. Kilichokuwa uungwana mwaka 1798 kimekomaa na kuwa sheria kufikia mwaka 1898. Hakumtia Scott makosani. Alimweka katika wakati wake, na kwa kufanya hivyo akatuonyesha desturi ikikua mbele ya macho yetu. Sijui njia bora zaidi ya kuthibitisha kitu ambacho hakina tarehe ya kuzaliwa.

Alipofika kwenye maandiko ya mabingwa alikuwa mwangalifu vilevile. Alieleza kwamba mahakama haiwasomi ili kujua sheria ingefaa iweje kwa maoni yao. Inawasoma kama mashahidi wa kuaminika wa jinsi sheria ilivyo. Jambo hilo linaonekana dogo. Lakini soma hoja nyingi za mawakili wa leo uone jinsi profesa anavyotajwa kana kwamba ndiye aliyetunga sheria.

Swali la pili, la jinsi sheria hiyo inavyoingia ndani, Gray alilijibu kwa ufupi mkubwa: sheria ya kimataifa ni sehemu ya sheria yetu, na pale ambapo hakuna mkataba, wala agizo la serikali, wala sheria ya Bunge, wala hukumu inayotawala jambo hilo, desturi ya mataifa itafuatwa. Angalia alivyoacha nafasi: Bunge likisema vingine, jaji hana la kufanya. Hakujitwalia kimo kisicho chake. Majaji watatu, akiwemo Jaji Mkuu Fuller, hawakukubaliana naye, nao waliandika sababu zao. Mnada ulifutwa, na wenye mashua wakaamuriwa kulipwa fedha za mauzo pamoja na fidia.

Si majaji peke yao wenye ufundi huu. Wapo pia waandishi wa barua za serikali, watu ambao majina yao hayajulikani, na moja ya kazi zao nzuri kabisa iliandikwa kwetu.

Desemba 1961 Tanganyika ilipopata uhuru, ilikuta mikataba mingi iliyosainiwa na Uingereza kwa niaba yake. Wapo waliotaka nchi mpya irithi yote, na wapo walioona ianze upya, bila deni hata moja. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilimwandikia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa tamko ambalo halikuchukua upande wowote kati ya hizo mbili. Mikataba ya nchi mbili mbili ingeendelea kutumika kwa miaka miwili, hadi tarehe 8 Desemba 1963, kwa sharti kwamba upande wa pili nao uitumie. Katika muda huo mazungumzo yangefanyika. Muda ukiisha, mkataba ambao haujakubaliwa upya ungehesabika kuwa umekufa, isipokuwa ule ambao kwa kanuni za desturi ya kimataifa ungekuwa umesalia kwa nguvu zake wenyewe.

Kifungu hicho cha mwisho ndicho kinachonifanya niirudie barua ile. Tanganyika ilikuwa changa, na ingeweza kusema tu kwamba imekataa. Badala yake ilitambua kwamba kuna sheria isiyotokana na sahihi ya mkoloni wala sahihi yake yenyewe, na ikaahidi kuiheshimu hiyo. Papo hapo ilijipa mlango wa kutokea kwenye mambo yaliyoiumiza. Makubaliano ya mwaka 1929 kuhusu maji ya Mto Nile, yaliyofanywa na Uingereza na Misri, Tanganyika iliyakataa rasmi mwaka 1962. Mikataba iliyoipa Ubelgiji maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma nayo iliambiwa hivyohivyo. Uganda, Kenya na Burundi zilifuata njia inayofanana na hiyo kwa marekebisho yao, na mpaka leo wanasheria wa dunia wanaiita njia ya Nyerere.

Sasa tuje Muleba, mkoani Kagera, maana huko ndiko kuna hukumu ninayoipenda kuliko zote.

Tarehe 24 Agosti 1988 bibi mmoja Mhaya aliuza shamba la ukoo kwa shilingi 300,000. Shamba alikuwa amelirithi kwa baba yake kwa wosia halali. Umri ulikuwa umemwendea na hakuwa na mtu wa kumtunza. Mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo. Kesho yake mwanaukoo mmoja mwanamume akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akiomba mauzo yafutwe kwa sababu mwanamke wa Kihaya hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana naye. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikaitengua hukumu hiyo. Rufaa ikaenda Mahakama Kuu, Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya, aliyetoa hukumu Februari 1990. Wanasheria wanaiita Ephrahim dhidi ya Pastory.

Mwanaukoo yule hakuwa na hoja ya kubahatisha. Kanuni za urithi zilizotangazwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963 zilisema waziwazi, katika kifungu cha 20, kwamba mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini hawezi kuiuza. Hukumu za nyuma zilikuwa zimeifuata kanuni hiyo, na majaji waliotangulia walikuwa wamesema kwamba mila za watu hubadilishwa na watu wenyewe, si na mahakama. Waswahili nao husema mwacha mila ni mtumwa. Huo ndio ukuta uliokuwa mbele ya Mwalusanya.

Alianza kwa kuueleza ukuta wenyewe, bila kuupunguza kimo. Aliinukuu kanuni, akazitaja hukumu zilizompinga, akakubali kwamba mila ya Wahaya ndivyo ilivyo. Kisha akageukia Katiba. Mwaka 1984, kwa Sheria Na. 15, Bunge lilikuwa limeingiza haki za msingi katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano, na Ibara ya 13 ikakataza ubaguzi. Ibara ya 9 ikaielekeza nchi ihifadhi heshima ya binadamu kwa kufuata Tangazo la Dunia kuhusu Haki za Binadamu la mwaka 1948. Utekelezaji wa haki hizo mahakamani ulisubirishwa miaka mitatu, hadi Machi 1988. Bibi aliuza shamba lake miezi mitano tu baada ya mlango huo kufunguliwa.

Kutoka hapo akatoka nje ya nchi, lakini kwa njia halali. Alionyesha kwamba Tanzania imejiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, imeridhia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na mwaka 1985 imeridhia Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake. Hapa ndipo majaji wengi hujikwaa, kwa namna moja kati ya mbili. Wa kwanza husema mkataba umeridhiwa, basi ni sheria, na kuishia hapo. Naye husahau kwamba kwa utaratibu tuliourithi kwa Waingereza, mkataba hauwi sheria ya nchi mpaka Bunge liutungie sheria. Wa pili hukumbuka utaratibu huo, akaukunja mkataba na kuurudisha kabatini.

Mwalusanya hakufanya hili wala lile. Alitafuta mahali ndani ya sheria ya nyumbani ambapo mkataba ungeweza kushika, na akapapata katika Sheria Na. 16 ya mwaka 1984. Hiyo ilikuwa sheria ya mpito, ya kuratibu mabadiliko ya Katiba, na kifungu chake cha 5 kiliagiza mahakama zizisome sheria zote zilizokuwepo kwa kuzirekebisha kadiri itakavyohitajika ili zilingane na Katiba mpya. Kanuni ya mwaka 1963 ilikuwa sheria iliyokuwepo. Kwa hiyo haikuwa lazima kuifuta. Ilitosha kuisoma upya. Katiba ndiyo iliyodai usawa, mikataba ikaeleza usawa huo una maana gani katika mambo ya mali na wanawake, na kifungu cha 5 kikampa jaji kalamu ya kurekebishia. Seremala anayejua kazi huunganisha mbao mbili kwa kuchonga ulimi na tundu zikashikana bila msumari, na hukumu hii imeungwa hivyo. Ukiondoa mikataba, usawa unabaki neno lenye maana finyu. Ukiondoa kifungu cha 5, mikataba inabaki maneno ya nje.

Sehemu inayosifiwa zaidi na watu ni mwanzo wa hukumu, ambapo jaji anazungumza kwa sauti ya juu kuhusu ukombozi wa wanawake. Alimtaja pia Mwalimu Nyerere, ambaye katika maandishi yake juu ya ujamaa alikiri kwamba jamii ya jadi haikumpa mwanamke nafasi sawa. Maneno hayo yana moto wake. Mimi navutiwa zaidi na kurasa za katikati, na hasa na mwisho.

Kwa mila ya Wahaya, mwanamume akiuza ardhi ya ukoo kwa mgeni bila ridhaa ya ndugu zake, ndugu wanaweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Jaji mwenye pupa angesema bibi ana haki sawa, mauzo ni halali, shauri limekwisha. Mwalusanya alijiuliza: sawa na nani? Sawa na mwanamume wa ukoo huohuo. Na kama mwanamume akiuza ndugu wanaweza kukomboa, basi hata bibi huyu akiuza wanaweza kukomboa. Akampa mwanaukoo miezi sita alipe shilingi 300,000 na kulitwaa shamba. Asipolipa, shamba liwe la mnunuzi. Kwa hatua hiyo mila haikuvunjwa. Ilinyooshwa, ikaondolewa sehemu moja tu iliyopinda, na ukoo ukabaki na njia yake ya kuilinda ardhi yake. Waliodhani kwamba mikataba ya nje huja kufagia kila cha nyumbani na wasome mistari ile.

Kenya ilikuwa na ugumu wa namna yake. Katiba yake ya zamani iliruhusu wazi ubaguzi katika mambo ya urithi na sheria za kimila. Mwaka 2005, katika Mahakama ya Rufaa iliyokaa Eldoret, Jaji Philip Waki aliandika hukumu katika shauri la Rono dhidi ya Rono, ambapo mabinti wa marehemu walikuwa wamepewa ardhi kidogo kuliko kaka zao kwa dhana kwamba wao wataolewa. Alionyesha kwamba Sheria ya Urithi yenyewe haikutofautisha mtoto wa kiume na wa kike, kisha akaeleza kwa utulivu kwamba mahakama inaweza kuuzingatia mkataba ambao nchi imeuridhia hata kama haujatungiwa sheria, almuradi haugongani na sheria ya nchi. Mabinti wakapata sawa na kaka zao.

Miaka mitano baadaye Wakenya walijiandikia Katiba mpya, na Ibara ya 2 ikatamka kwamba kanuni za jumla za sheria ya kimataifa, pamoja na mikataba iliyoridhiwa, ni sehemu ya sheria ya Kenya. Wengi walidhani kazi ya fundi imekwisha. Haikuisha. Novemba 2011 wakazi wa kijiji cha Mitumba, jirani na uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi, walibomolewa nyumba zao, na shauri lao, lililofunguliwa na chama chao cha Mitu-Bell, lilipofika Mahakama ya Juu swali likawa kama miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu kuhamisha watu ni sheria nchini Kenya. Hukumu ya Januari 2021 ilijibu kwa kupima: miongozo hiyo si kanuni za jumla za sheria ya kimataifa, kwa hiyo haimbani mtu kwa nguvu zake yenyewe, lakini mahakama inaweza kuitumia kueleza haki ya makazi ambayo Katiba imekwisha kuitoa. Kila chanzo kilipewa uzito wake na hakuna kilichozidishiwa.

Ufundi huu haurithishwi kwa cheo. Wajane wawili wa Mkoa wa Shinyanga walikwenda Mahakama Kuu ya Tanzania kuzipinga kanuni hizohizo za mwaka 1963, zilizowanyima urithi wa waume zao. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba kanuni zinawabagua, lakini ikaona kwamba mila haziwezi kubadilishwa kwa hukumu, ikaziacha zilivyo. Rufaa yao nayo ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya karatasi, bila hoja yenyewe kusikilizwa. Wakapeleka malalamiko kwa kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba uleule aliouegemea Mwalusanya, na mwaka 2015 kamati ikaamua kwamba Tanzania imeuvunja.

Katiba ilikuwa ileile, mkataba uleule, kanuni zilezile, na mfano wa Mwanza ulikuwa umekwisha kuwepo kwa miaka 16. Nadhani woga wa kuchokoza mila zote kwa mpigo ndio uliouzuia mkono. Lakini Mwalusanya alikuwa ameonyesha kwamba si lazima uchokoze zote. Unachukua kifungu kimoja, shamba moja, mauzo ya siku moja, na unarekebisha hapo tu. Wajane wale walizunguka miaka mingi, kutoka Shinyanga hadi Geneva, kutafuta kiungo ambacho kingeweza kuwekwa hapa nyumbani.

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hukumu ya Ephrahim dhidi ya Pastory iliandikwa kwa Kiingereza, na bibi wa Muleba, ambaye shauri ni lake, huenda alihitaji mtu wa kumfasiria ili ajue kwa nini ameshinda. Nawaomba walimu wa vitivo vya sheria, mawakili wenye mapenzi na lugha hii, na wachapishaji wa hukumu: itafsirini nzima, pamoja na kurasa za katikati, na mwongeze Rono na Mitu-Bell. Hakimu wa mahakama ya mwanzo anayeketi leo Kashasha na mafaili ya ardhi ya ukoo mezani aisome kwa lugha anayoandikia hukumu zake.